Fomu ya Manjano

Miaka kumi na mmoja fomu zile
zilikaa chini ya birika la chai ya kijani.
Moja tuliikunja mara nne,
tukaitia chini ya mguu wa meza ya daktari Khoát
ili meza iache kuyumba.

Hapa Yên Bái ukungu huingia wodini bila hodi.
Aliingia nao bwana Sửu, mchuma chai,
kidole gumba cha mguu chekundu kama nyanya.
Jongo. Tukampa vidonge vyeupe,
kimoja kila asubuhi, baada ya uji.

Siku ya kumi na tisa mkewe alimrudisha kwa pikipiki,
amemfunga mgongoni kwa shuka asianguke.
Midomo imechubuka, kope zimegandana.
Nilipomshika bega
ngozi ilibaki kwenye glavu yangu
kama utando wa maziwa.

Alipelekwa Hanoi usiku uleule.
Sisi tukanyamaza, kila mtu na lake.
Khoát: hatuna hakika, huenda ni virusi.
Thoa wa famasia: hiyo kazi ya daktari.
Nami, kimoyomoyo:
nani atie sahihi chini ya jambo
alilolitoa kwa mkono wake mwenyewe,
na bilauri ya maji juu?

Mkewe alirudi peke yake kuchukua kofia.
"Anaona kidogo," alisema. "Jicho la kushoto."
Kisha, bila hasira yoyote:
"Akija mwingine na kidole kama kile, mtampa nini?"

Niliinama nikaichomoa ile ya chini ya meza.
Chai ya Khoát ikamwagika. Hakusema kitu.
Nikaisoma, mara yangu ya kwanza.
Haikuuliza nani mkosaji.
Haikuuliza una hakika kiasi gani.
Iliuliza: *Unashuku dawa gani?*

Kushuku.
Hiyo nilikuwa nayo tele, tangu siku ile ya glavu,
na sikujua kuwa inatosha.

Lisemwalo lipo, walinena.
Lisiloandikwa nalo lipo. Linatembea tu,
wilaya hadi wilaya,
linamezwa kimoja kila asubuhi, baada ya uji.

Umri: hamsini na minne. Siku: kumi na tisa.
Kwenye jina la mtoa taarifa kalamu ilisita
palepale mkunjo ulipopita,
nikaivusha: Lường Thị Mận, muuguzi.

Meza bado inayumba.
Hakuna aliyeitilia karatasi nyingine.