Ng'ata, Utulie

Kemi, Januari, saa nne asubuhi,
na jua bado halijaamua kama litakuja.
Tauno Kerttula amevua viatu mlangoni,
soksi za sufu, moja ya kijivu, nyingine karibu kijivu.
Anaketi kitini mwangu kama mshtakiwa.

"Haliniumi," anasema.
Wote husema hivyo. Jino ni mpangaji mjanja:
hulipa kodi ya tabasamu kila mwisho wa mwezi
huku likibomoa kuta za chumba cha ndani.

Anauliza habari ya mionzi.
Ni kidogo, namwambia, na hatupigi ovyo;
mara ya mwisho ulipigwa picha mkeo akikusubiri pale nje.
Namvika aproni ya risasi.
"Nzito," anasema, "kama mkono wa Hilja akiwa usingizini."
Sijibu. Napachika kile kibamba baridi
kati ya ulimi na magego.
Ng'ata. Utulie. Usicheke kwanza.
Natoka, nasimama nyuma ya ukuta,
kidole kwenye kitufe.
Mlio mmoja, mfupi, kama wa ndege aliyekosea msimu.
Basi.

Taya lake linawaka kwenye skrini,
mizizi myeupe imezama gizani.
Kioo changu kidogo hakikuona kitu,
kijiti changu chenye ncha hakikunasa popote.
Lakini hapa, gego linapobanana na gego,
mahali ambapo uzi haujapita tangu mazishi,
pana kivuli cha ukubwa wa kichwa cha pini.

"Hicho? Hicho kidogo?"
Ndiyo, hicho, kingali kidogo.
Ukikipa miaka miwili kitakuamsha usiku
kikikuita kwa jina la ubatizo.

Na chini ya pengo la kushoto, tazama,
kipande cha mzizi, kimelala mfupani.
Anakodoa. Kisha anacheka mpaka aproni inatikisika.
"Daktari wa shule! Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Aliling'oa, likalia ka! Akasema limetoka lote,
akanipa tufaha, nami sikuweza kulitafuna."
Nusu karne amebeba uongo wa mtu mwingine
na haujamdhuru.
Tuutoe?
Hapana. Umetulia. Tutautazama tu, tukikutana.

Kimya. Bomba la maji linadondoka.
"Mashine hii," anasema, "ingekuwa imemtazama Hilja mapema…"
Ni ya meno tu, Tauno.
"Najua."
Najua kwamba anajua.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na mimi kazi yangu ni meno.

Nimemwandikia Jumanne ijayo, saa tatu,
tuzibe kile cha kichwa cha pini.
Ameomba nakala ya picha, akaikunja mara nne,
akaitia mfuko wa ndani wa koti.
Mwanga umefika dirishani, mwembamba, wa manjano.
Glovu yake moja ameiacha kwenye kiti.