Presha

Tangu nirudi nyumbani Jumatatu, mfereji wa jikoni unakohoa.
Uzi wa maji, mwembamba kama wa kushonea kifungo.
Sufuria ya ugali hujaa kwa muda wa taarifa ya habari,
michezo na hali ya hewa pamoja.

Namalwa anasema ni kampuni ya maji.
Mokaya wa mlango wa pili anasema ni tangi,
kwamba kila tangi hapa Shabab limeficha Menengai yake ndogo chini,
mchanga mweusi unaosubiri.
Mimi sisemi. Naingia bafuni, nafungua:
maji yanakuja kwa hasira, yananilowesha soksi.
Basi si kampuni. Si tangi.
Ugonjwa uko jikoni,
na jikoni, kwa wiki tatu, hapakuwa mahali pangu.

Mama mkwe alikuja kutoka Kimilili kumwona mjukuu.
Kwetu mtu hapishani mlangoni na aliyemzaa mke wake.
Namalwa kitandani na mtoto, mamake mekoni,
mimi kwa Mokaya, kwenye kochi lenye springi moja iliyoasi.
Nyumba yangu niliijua kwa harufu zilizovuka ukuta:
kitunguu, mrenda, maziwa yakiungua kidogo.
Siku moja tulikutana kwenye ngazi.
Yeye akageukia ukuta, mimi nikatazama viatu,
tukasalimiana kupitia kwa paka.

Nilianza na mdomo wa mfereji.
Koleo nililizungushia kitambaa, usichubuke.
Ndani mna chujio, duara kama shilingi,
limeota mawe meupe.
Ni maji yetu haya haya ya Nakuru,
yanayowapaka watoto meno rangi ya chai
na kuacha chokaa popote yanapopumzika.
Siki nusu kikombe. Usiku mzima. Mswaki wa zamani.
Asubuhi nikalirudisha, nikafungua:
uzi umekuwa kamba ya kiatu.
Afadhali. Lakini kamba ya kiatu haioshi sufuria.

Nikalala chali chini ya sinki, tochi mdomoni,
kati ya viazi vilivyochipua na ndoo ya sabuni.
Mpira haujajikunja. Maungio hayatoi jasho.
Kisha vidole vikagusa koki,
ile ndogo ya pembeni ambayo tangu tuhamie hakuna aliyeijali.
Imegeuzwa nusu.
Na shingoni mwake uzi wa kijani, sufi ya kofia ya mtoto,
mafundo mawili,
mafundo ya mtu aliyezoea kufunga kuku wa safari.

Namalwa akapiga simu nikiwa bado sakafuni.
Sauti ya mama ikaja pamoja na majogoo yake:
"Ndiyo, ni mimi. Maji yale yalitoka mbio,
yakanirukia kifuani, moyo ukadunda.
Daktari si alinikataza mishtuko?"

Mama ana presha. Mfereji hauna.

"Na umwambie huyo," (huyo ni mimi, jina langu halitamki)
"bili yake itapungua."

Mafundo nimeyafungua kwa meno, sikuyakata.
Nimegeuza koki kinyume cha saa mpaka ikagoma.
Maji yameshuka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi,
yamegonga kijiko, yameruka, yamenipiga shati.
Namalwa amecheka hadi mtoto akaamka.

Koki hiyo: mkono wake, kisha wangu.
Miaka sita ya ndoa
hatujawahi kupeana mikono.

Nimeinama tena, nimeirudisha kidogo.
Robo tu.
Uzi nimeuweka kwenye droo ya spana.
Amesema atarudi Agosti,
mtoto akianza kuota meno.