Mganga Hajigangi

Matsue, saa nane usiku. Hita inakohoa.
Chizuko ameiita programu-jalizi mara ya kumi na moja,
na Ruby inajibu vilevile, kwa adabu ya karani:
faili hilo halipo.

Lipo! Analiona kwa macho yake mawili,
limejikunyata foldani.
Chombo cha kusaka makosa kimekosa;
nani atakisaka?

Anarudia ujinga wake wa mwaka wa kwanza:
baada ya kila mstari anachapisha "nimefika",
"nimefika", "nimefika",
hadi wa sita, usiofika.

Ah. Jina la cheti lina kistari,
jina la nyumbani lina mkwaju.
Usiku kucha amemwita mtoto kwa jina la cheti!

Anarekebisha alama moja. Anaita.
Skrini kimya, kishale kinapepesa:
labeka.