Mteremko

Miaka kumi na moja Pijo letu halikulala tambarare.
Kila jioni Aminieli alilielekeza pua bondeni,
jiwe chini ya tairi la mbele,
na jiwe lile lilikuwa na jina. Tuliliita Breki.
Alfajiri mimi naondoa Breki, yeye yuko kwenye usukani,
gari linashuka kimyakimya katikati ya migomba
kama mtu anayemkwepa mdai,
kisha penye kona ya akina Ndosi anaachia klachi:
kishindo, moshi, kuku huku na huku,
nami nyuma nakimbia, kanga mkononi, kulidaka.

"Stata ni nzima," alisema. "Naipunguzia betri kazi."

Basi tukaijua Machame yote kwa miinuko yake.
Kanisani, upande wa kengele. Hospitali,
nyuma, karibu na chumba cha maiti, pana mteremko mzuri.
Harusi ya Weruweru tulikula gari likinguruma nje,
likinywa kuliko wajomba wa bwana harusi.

Na dada yangu Aikande aliolewa TPC,
kule kwenye miwa, nchi bapa kama sinia.
"Tutakwenda," alisema. "Mvua zikikatika."
Zikakatika. Zikaja nyingine.
Nilikwenda kwa basi, mimi na mkungu wangu wa ndizi,
na kila safari Aikande alinisindikiza kituoni akiuliza:
shemeji tumemkosea nini?

Siku ya kumzika Pijo lilibeba maturubai.
Wanaume wanne walilisukuma.
Hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa tatu nikalipeleka Bondeni, kwa fundi Mgonja.
Akalala chini, miguu tu nje, akaomba spana kumi na tatu,
akatoka amekumbatia stata kifuani
kama mtoto aliyesinzia kwenye ibada.
Akaifungua juu ya gunia.
"Mama, kaboni zimekwisha. Tazama. Zimebaki kucha."

Na nyuma ya kaboni moja palikuwa na bati,
kipande cha kopo la maziwa, bado kina nusu ya ng'ombe,
kimekunjwa mara tatu, kimeshindiliwa kwa bisibisi
ili kaboni iguse tena, hata siku mbili.
"Hii si kazi ya fundi," Mgonja akasema.

Si ya fundi.
Ni ya mtu mwenye tochi mdomoni, usiku,
mkewe amelala.

Kaboni elfu nane. Bushi elfu sita.
Kazi yake elfu kumi na tano, na soda.
Nikacheka mpaka Mgonja akaniletea kiti.
Halafu sikuwa nacheka.

Mwaka wa kwanza, najua, ilikuwa ada ya Elifuraha.
Wa pili kahawa ilioza na bei yake.
Wa tatu sikumbuki kilichotushinda.
Nadhani baada ya hapo aliona haya
kutengeneza kitu alichokwisha kusema ni kizima.

Mgonja akasugua shaba kwa msasa, akapaka grisi kwa kidole,
akagusisha nyaya mbili za betri palepale chini:
stata ikaruka juu ya gunia kama kambale.
Watoto wa gereji ya jirani wakashangilia.

Jumamosi nikashuka hadi TPC.
Nikasimama mbele ya nyumba ya Aikande, nikazima.
Pale hata chungwa ukiliweka chini haliendi popote.
Breki nilikuwa nalo, nyuma, kwenye gunia la ndizi;
sikuweza kuliacha peke yake nyumbani.
Dada akatoka, mikono ina unga,
akatazama kiti cha dereva, akatazama kile kingine.

Nikawasha. Likawaka.
Nikazima, nikawasha tena, ili asikie vizuri.

"Hamkumkosea kitu," nikamwambia.
"Zilikuwa kaboni."