Matundu ya Sindano

Tulimzika bibi Balbina Jumanne.
Alhamisi tukalipasua godoro lake,
kwa kuwa mama mkubwa Eulalia aliitaka ile sufu,
akisema kondoo wa siku hizi wana manyoya ya karatasi.
Humo katikati, imekunjwa mara nane kama hati ya deni,
ikatoka bendera.

Nyekundu. Manjano. Na chini
rangi iliyopata kuwa zambarau,
sasa ni rangi ya chubuko siku ya kumi.

Mjomba Leoncio alivua kofia, akaivaa tena kwa hasira,
kama mtu aliyemwamkia asiyemjua.
"Kikulacho," akasema, akaiacha methali njiani.
Baba yake mdogo alikuwa padri wa Villarcejo.
Walimtoa sakristia na soksi tu miguuni,
na waliomtoa walijifunga vitambaa vya rangi hizo hizo tatu.
"Hiyo ni leso ya wauaji. Itieni motoni."

"Ni leso ya mwalimu Fermina," mama mkubwa akajibu,
"aliyemshika mama mkono akaandika jina lake,
B yenye matumbo mawili, akiwa na miaka kumi na tisa.
Walimpeleka tanuri la chokaa usiku,
na waliompeleka walipepea ile nyingine, unayoipigia saluti."
"Naipigia saluti kwa sababu ndiyo iliyopo."
"Ndiyo iliyobaki."

Sufu ilitujaa hadi magotini. Hakuna aliyekaa.
Laiti kingekuwa na maneno pindoni, kitambaa kile,
tukayasoma, tukaenda kula.

Wakanipa mimi, kwa kuwa kule Teruel
nakaa ghorofa ya chini ya makumbusho
nikitibu majoho ya maaskofu waliokwisha kuliwa na funza.
Nikaitandaza chini ya taa. Nikaiuliza polepole, kwa lenzi.

Zambarau ni hariri. Ina tone la nta
na alama ya msalaba uliofumuliwa:
ni shuka wanayofunikia sanamu za watakatifu Kwaresima.
Ameikata nani, kabla ya moto au baada, haisemi.
Kisha pindo: matundu ya sindano, safu tatu.
Ya kwanza, uzi wa pamba, mshono wa haraka wa msichana.
Ya pili, utepe umefumuliwa, mahali pake pakatiwa mwekundu,
alfajiri ya lile jeshi kuingia, nadhani;
nyuzi nyekundu mbili bado zimeng'ang'ania.
Ya tatu, zambarau imerudishwa
kwa nailoni.

Nailoni ilifika dukani kwa Saturio
mwaka mjomba alipokuwa jeshini akiilinda ile nyingine.
Kila Jumamosi mwaka huo bibi alipiga pasi vitambaa vya altare.

Niliwaeleza jikoni. Kila mmoja akachukua kipande chake.
"Kwa hiyo iliibwa kanisani."
"Kwa hiyo alikuwa wetu mpaka mwisho."
Meya naye alikwisha kuuliza kwa simu, apate kuandika kibao:
"Ni ya upande gani?"
Nikamwambia nimeuona wa nyuma tu, wenye mafundo.

"Au," mjomba akasema, baada ya kahawa kupoa,
"aliona kitu kimefumuliwa, akakishona. Alikuwa hivyo.
Alimshonea marehemu baba kifungo ndani ya jeneza."
Akaniomba ule uzi. Nilikuwa na kipande, ndani ya bahasha.
Akauinua dirishani, akaupima kati ya vidole viwili,
mzee mzima anayetafuta tundu la sindano.

"Mwaka ule macho yake yalikwisha kuzimika," akasema.
"Hata dengu nilimchambulia mimi kabla sijaondoka.
Nani alimtungia uzi?"

Mama mkubwa Eulalia alikuwa anachambua sufu.
Akaendelea kuchambua.