Sinia Tupu

Saa tisa usiku, Puerto Bolívar imelala.
Namimina mwani katika mashine ya zege,
ile iliyotujengea choo mwaka juzi:
unga wa kijani, gunia la punje, molasi,
na mafuta ya samaki ili ushike, usisombwe na maji.
Inazunguka. Inakohoa.
Inanuka kama pwani iliyosahauliwa juani.

"Tangu lini kamba wakala mboga, Maryuri?"
alisema baba siku gunia lilipofika,
na Ulbio akacheka mpaka kofia ikamdondokea bwawani.

Sikumjibu.
Mwaka wa madoa meupe nilikuwa na miaka sita.
Nakumbuka korongo: hawakungoja kuitwa.
Walisimama juu ya tuta, safu nzima, kimya,
kama wadai.
Baba aliingia majini na nguo zake za kanisani,
akatoka viganja vimejaa,
kila gamba na tone lake la chokaa.

Baadaye alinunua dawa kwa ndoo.
Vijidudu vikazizoea
kama mtu azoeavyo redio ya jirani,
na kontena letu likarudishwa kutoka ng'ambo
na barua ya mistari miwili.

Mwezi ukiandama, kamba huvua gamba.
Yu laini kama ukope, uchi, hana komeo.
Hapo ndipo kamba hukatikia: pembamba.
Basi siku saba kabla, nawalisha mwani.
Si dawa. Sijawahi kusema ni dawa.
Ni kuunong'oneza mwili: amka,
kuna mgeni njiani asiyebisha hodi.

Alfajiri hii korongo wametua ng'ambo ya mfereji,
kwa mzee Gualberto. Sikufurahi. Niliwahesabu tu.
Kisha nikavuta kamba ya sinia, bwawa la tatu,
taratibu, macho nimeyafumba nusu.
Tupu.
Hata punje moja haikusalia.
Kwingine sinia tupu ni msiba;
mimi nimelibusu, na tope lake.

Bwawa la pili, wafu kumi na mmoja.
Nimewaandika kwa wino mwekundu, na kando yake:
sijui.

Niliporudi bandani mashine ilikuwa ikizunguka
na sikuwa nimeiwasha.
Baba ameshika beleshi, hanitazami.
"La tano nalo," akasema, "litapata lini?"
Masharubu yake yana vumbi la kijani.
Sikumwambia.