Miraji Imehamia Alhamisi

Waraka uliingia saa tano na nusu,
nikiwa kati ya ankara mbili za saruji:
Miraji ya mwaka huu inaangukia Jumanne,
mapumziko yatakuwa Alhamisi.
Yaqdhan wa meza ya pili akahesabu vidoleni,
Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, siku tatu, jamani!
na kabla ya adhuhuri Ruwi nzima
ilikuwa inatafuta mahema ya kukodi.

Nikampigia mama, Al Khudh.
Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Na mbingu," akasema,
"nazo zimepelekewa waraka?"

Yeye wa Wete. Huko, anasema,
walijazana ukumbini kwa mwalimu
naye akizipanda mbingu moja moja,
hana haraka, kila mlango aubishe,
kila mlango uulize: ni nani? na uko na nani?
Watoto waliangushwa na usingizi mbingu ya tatu,
wakazinduliwa na harufu ya halua mbingu ya sita,
wakala, wakalala tena.
"Mimi ya saba sikuwahi kuifika macho makavu."
Hulisema hilo kwa fahari,
kama mtu aliyesamehewa deni.

Usiku wa kuamkia Jumanne nikampelekea vidonge vya presha.
Taa ya jikoni inawaka.
Mama juu ya kiti cha plastiki,
Selamawit chini, sinia la mchele mapajani,
Selamawit wa Gondar, msalaba mdogo ndani ya kanzu,
Kiswahili chake chote amekiokota humu humu
baina ya sufuria na sinki.
"Ya ngapi sasa?" aliuliza.
"Subiri," mama akamwambia, "mlango haujafunguliwa."
Nikaviacha vidonge juu ya friji.
Kesho yake ilikuwa siku ya kazi.

Alhamisi tukapanda.
Foleni ilianzia Birkat al-Mauz,
watu na majiko yao, watu na baiskeli zao,
na polisi wa kizuizi akichungulia magari:
magurudumu yote manne yanavuta? Pita.
Hilo tu ndilo swali la mlangoni.
Tulikuwa na mkaa, na spika ya shemeji,
na mfuko wa maandazi
yaliyokaangwa tangu saa kumi alfajiri
na Selamawit, ambaye waraka haukumtaja.

Sitasema uongo: nilifurahi.
Baridi ya Rajabu ilining'ata masikio,
nilicheka mpaka nikapaliwa na moshi.
Mtu huchoka. Nami nilikuwa nimechoka
tangu Muharram.
Lakini usiku, ndani ya hema,
Muadh akafunua blanketi puani:
"Baba, leo sikukuu ya nini?"
"Ya milima!" mama yake akawahi,
na nje shemeji akaangua kicheko.

Basi nikaanza, kwa sauti ya chini.
Ya kwanza, Adamu.
Ya pili, Isa na Yahya, watoto wa ndugu.
Ya tatu, Yusufu, aliyepewa nusu ya uzuri wote.
Ya nne.
Ya nne.
Mtoto alikwisha lala, alhamdulillahi,
palepale walipolala wenziwe wa Wete,
ila mimi nilikuwa macho makavu,
nimesimama mlangoni mkono hewani,
simjui wa ndani.

Nikatoka na simu, nikaiinua juu kuliko hema
mpaka ikashika.
"Mama kalala," Selamawit akasema. "Kuna shida?"
Hakuna. Nilitaka kumuuliza kitu tu. Basi.
Nikauliza hata hivyo.
Maji yalikuwa yanamwagika nyuma yake, juu ya vyombo vingi.
"Ya nne Idirisi," akasema,
"ya tano Haruni," na bomba likafungwa.
"Niendelee, au utalala?"